Ekari 10 au ekari 8? Kurekebisha maktaba ya programu inayosoma data za GPS za shamba

Leo darasa letu halihusu mbolea wala viwavijeshi. Linahusu ile namba ambayo simu inakupa ukimaliza kuzunguka shamba. Namba hiyo ndiyo unayolipia trekta, ndiyo unayonunulia mbegu na dawa, na ndiyo unayoandika kwenye mkataba wa kukodi. Ikikosea, hakuna hesabu nyingine ya msimu itakayokaa sawa.

Siku hizi vikundi vingi vya vijana havikosi mtu mmoja anayejua kuandika programu kwa Python. Anachukua maktaba ya bure ya kusoma data za GPS, anaongeza mistari yake michache, na kikundi kinapata chombo chake cha kupimia. Jambo zuri sana. Shida ni kwamba maktaba nyingi za aina hii zimelenga njia: umekwenda umbali gani, kwa kasi gani, umepanda mlima kiasi gani. Mkulima anataka kitu kingine, yaani eneo. Kwa hiyo lazima tuzifanyie marekebisho.

Kwa asiyejua, maktaba ya programu ni kama sanduku la spana la fundi. Fundi hachongi spana mpya kila akitaka kufungua nati. Anachukua iliyopo. Na spana ikiwa imelika, nati inaharibika hata kama fundi ni hodari.

Leo tupite hatua sita. Kama wewe mwenyewe huandiki programu, chapisha somo hili ukae na kijana wenu wa kompyuta, mlipitie pamoja. Kuna jambo moja la kushika toka mwanzo mpaka mwisho: maktaba nzuri ni ile inayojua kukataa data mbovu, na inayokuambia jibu lake linaweza kupotea kwa kiasi gani.

Hatua ya 1: Isome sentensi ya kipokezi kama ilivyoandikwa

Vipokezi vingi vya GPS, vikiwemo vidogo vinavyofungwa kwenye trekta, hutoa data kwa mtindo unaoitwa NMEA 0183. Mstari mmoja unafanana na huu:

$GPGGA,081530,0649.4200,S,03739.6000,E,1,09,0.9,512.0,M,-20.0,M,,*7C

Tuusome taratibu. 081530 ni muda kwa saa za dunia: saa 08, dakika 15, sekunde 30. Ongeza saa tatu za Afrika Mashariki, unapata saa tano na robo asubuhi. 0649.4200,S ni latitudo, kusini mwa ikweta. 03739.6000,E ni longitudo, mashariki. Hapo tupo Morogoro. Inayofuata, 1, ni aina ya kipimo. 09 ni idadi ya setilaiti zilizotumika. 0.9 inaitwa HDOP, nitaieleza hatua ya 2. 512.0 ni mwinuko kwa mita. Na 7C baada ya nyota ni alama za uhakiki.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. 0649.4200 siyo nyuzi 6.4942. Ni nyuzi 6 na dakika 49.42. Dakika hizo lazima zigawanywe kwa 60, kisha zijumlishwe na nyuzi: 6 + 49.42/60 = 6.82367. Programu ikisogeza nukta tu badala ya kugawa kwa 60, kituo chako kinahama zaidi ya kilomita 36 kwenda kaskazini.

Utasema, kosa kubwa hivyo si litaonekana? Kwenye ramani litaonekana. Kwenye eneo halionekani, na hilo ndilo la hatari. Mtu akigawa dakika kwa 100 badala ya 60, kila urefu unabaki asilimia 60 ya ukweli, na eneo linabaki asilimia 36. Shamba la ekari 10 linasomeka ekari 3.6.

Jambo la pili ni ile herufi S. Kusini mwa ikweta latitudo lazima iwe na alama ya kutoa: -6.82367. Alama ikisahaulika, shamba lako la Morogoro linatua kusini mwa Ethiopia, karibu na mji wa Sodo.

Jambo la tatu ni mpangilio. Faili la GPX linaandika jina la kila namba, kwa hiyo si rahisi kuzichanganya. Mtindo wa GeoJSON unatanguliza longitudo, halafu latitudo. Binadamu wengi tumezoea kutanguliza latitudo. Ukizigeuza bila kujua, shamba la Morogoro linahamia kusini mwa Hispania. Na kwa kuwa huko nyuzi za longitudo ni fupi kuliko za kwetu, programu inayokokotoa kwa usahihi kabisa itakupa jibu dogo: ekari 10 zitasomeka ekari 8 hivi. Namba 8 haishangazi mtu. Itapita ofisini, itapita kwa wakala wa pembejeo, na hakuna atakayeuliza.

Marekebisho: ongeza ukaguzi wa mipaka. Maktaba iambiwe kwamba mashamba ya kikundi yako ndani ya eneo fulani, mfano latitudo -6 mpaka -8 na longitudo 36 mpaka 38. Kituo chochote kikitokea nje ya hapo, kazi isimame na ujumbe utoke kwa Kiswahili cha kawaida: "Kituo hiki kipo nje ya wilaya. Angalia kama latitudo na longitudo zimebadilishana." Na mstari wowote ambao alama zake za uhakiki hazilingani na maandishi yake utupwe, maana umeharibika njiani.

Hatua ya 2: Kataa vipimo dhaifu

Setilaiti za GPS zipo juu kiasi cha kilomita 20,200. Kipokezi kinajua mahali ulipo kwa kupima muda ambao mawimbi yametumia kufika. Mawimbi yanakwenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kosa la milioni moja ya sekunde ni kama mita 300. Ndiyo maana mwembe ulio mpakani, paa la bati au mwamba vinaweza kukuvuruga: mawimbi yanagonga hapo kwanza ndipo yanafika kwako, yamechelewa.

Ile sentensi ya NMEA inakupa vitu vitatu vya kuchujia. Cha kwanza ni aina ya kipimo: 0 maana yake hakuna kipimo, 1 ni GPS ya kawaida, 2 imesahihishwa na kituo kingine, 4 ni RTK ambayo usahihi wake ni wa sentimita. Cha pili ni idadi ya setilaiti. Nne ndiyo kima cha chini, lakini kwa mpaka wa shamba mimi nawashauri msikubali chini ya saba. Cha tatu ni HDOP, inayoonyesha setilaiti zimekaaje angani. Zikiwa zimetawanyika vizuri HDOP inakuwa ndogo, karibu na 1. Zikijazana upande mmoja inapanda. Ikizidi 2, subiri dakika chache.

Maktaba nyingi zinasoma thamani hizi na kuziacha zikae tu. Marekebisho ni kuzitumia: kituo kisichofikia kiwango kikataliwe, na mwishoni maktaba iseme, "Vituo 212 vimepokelewa, 31 vimekataliwa." Ukiona nusu imekataliwa, ujue siku hiyo hukupima kitu. Rudi kesho.

Pia badilisha namna ya kupima kona. Badala ya kugusa kitufe mara moja ukiwa unapita, simama kwenye bikoni sekunde 30, maktaba ikusanye vipimo 30, kisha ichukue thamani ya katikati baada ya kuvipanga kutoka kidogo hadi kikubwa. Kwa nini isiwe wastani? Kwa sababu kipimo kimoja kilichoruka mita 40 kinavuta wastani wote, wakati thamani ya katikati haitikisiki.

Hatua ya 3: Nyuzi zigeuzwe kuwa mita, kwa kipimo cha mahali ulipo

Huwezi kukokotoa ekari kwa nyuzi. Watu wengi hutumia namba moja ya haraka: uzi mmoja ni mita 111,320, iwe latitudo au longitudo. Kwa maeneo ya Morogoro, uzi wa latitudo ni kama mita 110,590 na wa longitudo ni kama mita 110,540. Ukitumia 111,320 kote, eneo linaongezeka kwa asilimia 1.4. Kwenye ekari 20 hiyo ni robo ekari na zaidi kidogo. Siyo kubwa, lakini unailipia kila msimu bure, na kuirekebisha ni mistari miwili tu.

Angalizo: msiseme "sisi tupo karibu na ikweta, haina shida," halafu mkaigawa hiyo maktaba kwa wenzenu wa mbali. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta, uzi wa longitudo unazidi kuwa mfupi. Maktaba ikokotoe urefu wa uzi kutokana na latitudo ya shamba lenyewe.

Na desimali zisikatwe. Desimali ya tano ni kama mita 1.1. Ya nne ni mita 11. Upande mmoja wa ekari ya mraba ni mita 63.6. Ukihifadhi desimali nne tu, kona inaweza kuruka mita 5 kila upande hata kama kipokezi chako ni cha bei mbaya. Hifadhi desimali saba, punguza wakati wa kuonyesha jibu tu.

Hatua ya 4: Kona zifuatane

Ukishapata kona kwa mita, eneo linapatikana kwa kuzidisha kwa mkingamo. Chukua kona mbili zinazofuatana, zidisha x ya kwanza kwa y ya pili, toa x ya pili mara y ya kwanza. Fanya hivyo kuzunguka shamba lote mpaka urudi kona ya kwanza, jumlisha, gawa kwa mbili. Jibu likiwa na alama ya kutoa, iondoe. Ina maana ulizunguka kwa kufuata mshale wa saa.

Tujaribu. Kona ni (0,0), (100,0), (120,80) na (10,90). Jozi ya pili inatoa 8,000, ya tatu inatoa 10,000, zilizobaki ni sifuri. Jumla 18,000, nusu yake mita za mraba 9,000. Gawa kwa 4,046.86, unapata ekari 2.22.

Sasa chukua kona zilezile nne, ila ya pili na ya tatu zibadilishane nafasi. Hesabu inatoa mita za mraba 500. Kutoka 9,000 mpaka 500! Hakuna namba iliyokosewa, ila mstari wa mpaka umejikata katikati kama namba nane. Hii hutokea kweli pale watu wawili wanapogawana kona, mmoja akapima upande huu na mwingine upande ule, kisha mafaili yakaunganishwa.

Marekebisho: kabla ya kukokotoa, maktaba ikague kama kuna pande mbili zinazokatana. Zikikatana, isitoe eneo kabisa. Itaje ni kona zipi zina utata.

Hatua ya 5: Jibu litoke pamoja na shaka yake

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. "Ekari 9.73" inaonekana kama neno la mwisho. Lakini kwa mujibu wa serikali ya Marekani, inayoendesha GPS, simu janja mahali pa wazi kwa kawaida inakuwa sahihi ndani ya mita 4.9. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kosa hilo, ukipima kwa muda mfupi, inasogeza kona zote pamoja kuelekea upande mmoja. Shamba linahama kwenye ramani, eneo halibadiliki. Kinachoharibu eneo ni lile kosa linalotofautiana kutoka kona hadi kona.

Namna rahisi ya kulikadiria: anza kona ya kwanza, zunguka, kisha upime tena kona ileile ya kwanza. Umbali kati ya kipimo cha mwanzo na cha mwisho unakupa picha ya siku hiyo. Tuseme ni mita 2. Zidisha mita 2 kwa mzingo wa shamba, hapo umepata kiasi ambacho eneo linaweza kupotea ikiwa mpaka wote umetanuka au umesinyaa kwa mita hizo.

Kwa shamba la mraba:
- Ekari 1: mzingo mita 254. Shaka ni mita za mraba 509, karibu asilimia 13.
- Ekari 10: mzingo mita 805. Shaka ni kama ekari 0.4, yaani asilimia 4.
- Ekari 20: mzingo mita 1,138. Shaka ni chini ya asilimia 3.

Mmeona? Simu ileile, siku ileile, lakini shamba dogo linaumia zaidi. Kwa hiyo simu inafaa kukadiria ekari 20 za mahindi. Kitalu cha nyanya cha robo ekari kipime kwa futikamba.

Marekebisho: jibu lisomeke "ekari 10.0, kuongeza au kupunguza 0.4". Ukienda nalo kwa dereva wa trekta anayedai ekari 10.3, huna sababu ya kugombana naye, yupo ndani ya shaka. Akidai 12, hapo una hoja.

Hatua ya 6: Ijaribu kwenye kiwanja unachokijua

Kabla kikundi hakijaiamini maktaba, ipeni mtihani. Tafuteni uwanja wazi, pimeni kwa futikamba mstatili wa mita 100 kwa mita 40.5. Kona zinyooshwe kwa ile kanuni ya mafundi ya 3, 4, 5. Hiyo ni mita za mraba 4,050, ekari moja kamili kwa matumizi yetu. Zungukeni na simu mara tano kwa siku tofauti. Majibu yote yaangukie ndani ya shaka ambayo maktaba yenyewe imetaja. Yakitoka nje, maktaba inajisifu kupita uwezo wake.

Msitumie hatua 70 kwa 70 kama kipimo cha mtihani. Hatua ya sentimita 91 inatoa ekari vizuri tu. Mtu mrefu mwenye hatua ya mita moja anakupimia ekari 1.21. Mwenye hatua ya sentimita 80 anakupa ekari 0.77.

Na mitihani ya kwenye kompyuta ibaki ndani ya maktaba: ile sentensi ya Morogoro, ile ya kona nne yenye jibu 9,000, na ile ya kona zilizochanganyika ambayo lazima ikataliwe. Kila mtu akigusa msimbo, mitihani yote iendeshwe upya.

Msidhani haya ni ya wanaoanza tu. Kuna programu huria inayoitwa gpsd, inayotumika sana kusoma vipokezi vya GPS kwenye Linux. Mawimbi ya GPS huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha yanaanza tena sifuri, kama ilivyotokea Aprili 2019. Kwenye matoleo ya gpsd 3.20 mpaka 3.22 sehemu ya kukagua tarehe ilikuwa na kosa: ikifika tarehe 24 Oktoba 2021, tarehe ingerudi nyuma wiki 1,024, mpaka Machi 2002. Kosa likagunduliwa mapema na kurekebishwa katika toleo la 3.23. Lililookoa ni kwamba msimbo upo wazi, kuna watu wanaousoma, na kuna watu wanaosasisha. Nanyi fanyeni hivyo: mkipata kosa kwenye maktaba ya bure, mpelekeeni mtunzi wake pamoja na data iliyolifichua. Mkulima wa nchi nyingine naye atapona.

Tumalizie na hesabu ya mfukoni. Shamba ni ekari 10, maktaba inasema 8. Unanunua kiuagugu cha ekari 8, unakinyoosha mpaka kitoshe kote. Kila ekari imepata asilimia 80 ya dozi. Magugu yananyauka kidogo halafu yanainuka, nawe unalaumu duka la pembejeo kwamba dawa ni feki. Au maktaba inasema 12: mwenye shamba anakudai kodi ya ekari mbili ambazo hazipo duniani, na dawa inazidi kipimo mpaka mazao yanaungua.

Mpaka unaotaka hati ni kazi ya mpima ardhi anayetambulika kisheria. Simu yako, hata ikiwa na maktaba safi kiasi gani, haimwondoi.

Kazi ya wiki hii: pimeni ule mstatili wa mita 100 kwa 40.5, mara tano, mwandike majibu matano kwenye daftari la kikundi kabla trekta haijaingia shambani. Kila la heri.